Tuwatembeze watoto pwani, njia zisije zikafungwa

Vuli imeingia. Kusi limepumzika, kaskazi bado halijashika, na bahari imetulia. Kwa sisi wazazi wa Mji Mkongwe, huu ndio wakati mzuri wa kuwatoa watoto vichochoroni tukawatembeza pwani ya mashariki maji yanapokupwa. Nasema kuwatembeza kwa miguu, saa mbili tatu, baba, mama na watoto pamoja. Forodhani jioni ni kuzuri, na urojo hauna mfano, lakini mtoto anayeijua bahari kutokea ukutani bado hajaijua. Na pwani ambayo wenyewe hawaipiti, haichukui muda kupata wenyewe wengine.

Kupanga safari hii hakuna ugumu. Tunaofuatilia mwezi kwa ajili ya saumu, hesabu yake tunayo tayari. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti yake hufika karibu mita 4. Siku hizo hapa Unguja maji hukauka kiasi cha saa nne asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi ya bamvua, ukipanda daladala ya Jambiani mapema, unafika bahari inatoka na unao muda wa kutosha kabla haijarudi. Siku za maji mafu usihangaike, maana bahari haiendi mbali. Mvua ya vuli ikipiga, mtajificha chini ya banda la wavuvi na itapita.

Sisi huanzia kwa shangazi yake mume wangu, Jambiani. Tukishapiga hodi, shikamoo na marahaba zikaisha, tukanywa chai, tunashuka pwani na kuelekea Paje, kama kilomita sita. Watoto huvaa raba kuukuu, kwa sababu miiba ya baharini haina huruma. Tunapita ngarawa zilizolala ubavu kwenye mchanga na wanawake wanaorudi na pweza, kisha tunafika kwenye mashamba ya mwani: safu za vigingi, kamba zimefungwa toka kigingi hadi kigingi, na mashada ya mwani yakining'inia kwa vikamba vidogo.

Shangazi mwenyewe analima. Safari moja binti yangu aliinua shada, akaona ncha zimekuwa nyeupe na zinakatika zikiguswa.

"Bibi, hii imefanya nini?"

"Maji yamekuwa ya moto, mjukuu wangu. Mwani huu hautaki moto."

Akachuma kipande kizima na kipande kilichougua, akamtia mkononi avipapase. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na kiliwapa wanawake wengi fedha iliyo mkononi mwao wenyewe. Sasa kotonii, aina yenye bei nzuri, inakufa kwenye maji haya ya kina kifupi. Anayeitaka inambidi aingie kwenye kina, na wengi wa kina mama hawajui kuogelea. Mabadiliko ya tabianchi binti yangu alikuwa ameyasoma darasani. Pale aliyashika, akamwona na bibi yake ambaye yamempunguzia kipato. Ndiyo maana nikasema tuwatembeze. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Lakini kila tunapokwenda, naona kuta. Sehemu nyingi za pwani yetu watu wamejenga mpaka kwenye mstari wa maji. Wimbi likiupiga ukuta hurudi na mchanga, na jirani asiye na ukuta ndiye anayeliwa, naye akipata fedha anajenga wake. Mwisho wake maji yakijaa hapabaki pa kupita, mvuvi na mkulima wa mwani wanazunguka barabarani na mizigo yao kichwani. Na zile njia ndogo za kutoka kijijini kushuka baharini, zilizopitwa na mababu, zinazibwa moja moja.

Tumewahi kusimamishwa na mlinzi wa nyumba moja ya wageni, akatuomba tupite juu kwa sababu wageni wamepumzika. Tulikuwa kwenye mchanga mbichi, chini kabisa ya alama ya maji. Mume wangu akamjibu kwa adabu, "Kaka, hapa ni baharini. Sisi wapita njia tu." Akatuachia, naye ni kijana wetu anayetafuta riziki, simlaumu. Kilichoniuma ni swali la mwanangu mdogo, aliyetaka kujua kama pwani ile ina mwenyewe.

Inaye. Ni umma wa Zanzibar. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inaitambua ardhi asilia kuwa mali ya umma, iliyo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na mwekezaji wa kigeni hupewa kwa kukodishwa. Siupingi utalii. Wageni zaidi ya 700,000 walioingia mwaka 2024 wamelisha nyumba nyingi, za ndugu zangu zikiwamo. Lakini mgeni aliyekuja kuona Zanzibar hapungukiwi chochote akiona familia ya Kizanzibari ikipita na watoto wake.

Naomba basi mambo mawili. Serikali, pamoja na masheha na halmashauri za wilaya, iziorodheshe njia zote za kushukia pwani, izitie kwenye ramani na kuziwekea alama, na kibali cha ujenzi kisitolewe kabla njia haijaoneshwa kwenye mchoro. Ukuta uliojengwa ndani ya maji ushughulikiwe kwa sheria, uwe wa mgeni au wa mwenyeji.

Sisi wazazi nasi tutimize sehemu yetu. Njia iliyopitwa na watu kila bamvua ni vigumu kuizika kimyakimya, kwa kuwa wapitaji watauliza. Mzazi mwenzangu, angalia mwezi, chagua Jumamosi, wavishe watoto raba, mwende.