Kofia ya Pama Iwe Sare ya Shule

Melbourne, Juni

Ndugu zangu wa Oldonyo Sambu, wazee wangu, Yeyo mama yangu, na ninyi walimu ambao wengine tulikaa dawati moja,

Nilikusudia kuandika kuhusu shamba na lile tangi la maji, lakini jana dada alinitumia ujumbe wa sauti na sasa shamba litasubiri. Binti yake, mpwa wangu mwenye ualbino, amevuliwa kofia mstarini. Ni kofia niliyomtumia mimi, ya pama, yenye ukingo mpana. Mwalimu akasema siyo sare. Ikawekwa juu ya kabati la ofisini, mtoto akasimama kichwa wazi kwenye jua la saa saba mpaka matangazo yaishe. Shule sitaitaja. Mnaijua, na mwalimu anajijua, na mama yake anajuana na mama yangu.

Nimekasirika, na najua hasira ya mtu aliye ng'ambo ya Bahari ya Hindi haina gharama. Vumilieni. Nitawagombeza kwanza, salamu zitafuata.

Huku ninakoishi mtoto asiye na kofia hachezi. Siyo maneno ya barazani, ndiyo kanuni ya shule: mapumziko yakifika, aliyesahau kofia anakaa kivulini akiwatazama wenzake. Wanangu, weusi kama mimi, wamekalishwa hapo mara nyingi na kuja nyumbani wamenuna. Mwanzoni niliona ni wazimu. Watu wametoka Ulaya kwenye baridi, wamekwenda kukaa kwenye jua lisilo lao, sasa wanalikimbia! Lakini Australia watu wawili kati ya watatu hupata saratani ya ngozi ya aina moja au nyingine maishani mwao. Mwaka 1981 walianza kuimbiana kwenye televisheni, na ndege wa baharini wa katuni ndiye aliyeongoza wimbo: vaa shati, paka losheni, vaa kofia. Tangu hapo hawajanyamaza. Hata taarifa ya hali ya hewa inatoa namba ya ukali wa mionzi ya jua. Ikifika 3, jifunike.

Halafu sikieni kioja. Kwenye baridi yangu ya kwanza huku nilichoka hadi nikadhani nimerogwa. Daktari akanitoa damu, akasema vitamini D imeshuka chini ya nanomoli 50 kwa lita, kiwango ambacho wao wanahesabu kuwa kinatosha. Mimi niliyechunga mbuzi njia ya Longido, kichwa wazi, mchana kutwa, nimeishiwa jua! Yeyo alipoambiwa kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Lakini ndivyo mwili ulivyo. Vitamini hii ngozi huitengeneza yenyewe ikipigwa na mionzi ya jua, na weusi wetu ni pazia linalopunguza mionzi inayopita. Kwa jua la kwetu pazia hilo ni neema. Huku, mwezi huu wa Juni, jua linachomoza saa moja na nusu, linazama saa kumi na moja jioni, na kutwa nzima limelala upande wa kaskazini bila nguvu. Basi nameza vidonge.

Na wakubwa wa huku wameanza kukubali kwamba ushauri mmoja haufai ngozi zote. Mwaka 2024 Australia ilitoa mwongozo mpya unaogawa watu kwa rangi ya ngozi. Weupe sana wajilinde karibu wakati wote, wa katikati wapime, na weusi kama mimi tuambiwe kwamba hatari yetu kubwa ni kukosa vitamini D kuliko saratani ya ngozi. Iliwachukua miaka mingi kusema jambo ambalo wazee wetu walikuwa wanalifanya bila kuandika. Mwaka 2012 zilichapishwa takwimu za damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao. Wastani wa Wamasai ulikuwa nanomoli 119, wa Wahadzabe 109. Zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho mimi nilishindwa kukifikia! Tena watafiti wenyewe waliandika kwamba watu hao wanashinda nje lakini jua kali wanalikwepa wakiweza. Shuka mwilini, na saa sita ikifika wako chini ya mgunga. Jua walilipata na kivuli walikitafuta, siku hiyo hiyo moja.

Sisi tuliokwenda shule ndio tuliosahau. Tukajenga viwanja visivyo na mti hata mmoja, tukapanga watoto mstarini saa ambayo mbuzi wenyewe wamejificha. Na Oldonyo Sambu yetu mnaijua: upande mkavu wa Mlima Meru, vumbi linazunguka, miti ya kuhesabika. Tuko digrii tatu tu kusini mwa Ikweta, na tuko juu. Kila unapopanda mita 1,000 mionzi ya jua inaongezeka kama asilimia 10. Upepo wa mlimani unapoza mwili, mtu anadhani jua la kwetu ni la upole kuliko la Dar es Salaam. Ngozi haidanganyiki na upepo. Hata Julai, ukungu ukishuka na sote tumejikunyata, mionzi mingi bado inapita kwenye mawingu.

Kwa mtoto mweusi hilo si janga. Kwa mpwa wangu ni hukumu.

Hana lile pazia. Dakika chache za jua zinamtosha kwa vitamini yake, zinazozidi ni hasara tupu, na hasara hiyo inajumlishwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino. Kati ya waliopita umri wa miaka 20 hakuna aliyekutwa salama: kila mmoja ama alikuwa na saratani ya ngozi, ama dalili zinazoitangulia. Someni tena. Nchi yetu inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, wakati sehemu nyingi za dunia ni mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Waandishi wa habari wa dunia nzima walikuja Tanzania miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, wakapiga picha, na walikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini mapanga hayakuwahi kuua wengi kama jua, na jua halipelekwi mahakamani.

Mtasema kuna losheni. Ipo, na nawasifu wenye nayo. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ndipo ilipoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta yaliyobuniwa kwa ngozi hizi na kwa hali ya hewa hii, yanayogawiwa bure kwenye kliniki. Kitu cha maana kilichotengenezwa kwetu, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Arusha mjini. Kenya nao, ng'ambo tu ya Namanga, serikali inanunua losheni kwa watu wenye ualbino na imefanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini losheni inaisha. Inatakiwa kupakwa upya kila baada ya saa mbili, inachuruzika kwa jasho, na kuna nyumba ambamo kila anayesikia ngozi inawasha anachovya kidogo. Tena haisaidii macho. Mpwa wangu akitoka nje mwanga unamkata, macho yanacheza, anafunga kope na kukunja uso, halafu mnasema ana dharau.

(Na ninyi dada zangu wa mjini mnaojikwangua weusi kwa mkorogo, mnalipia fedha kuondoa pazia ambalo mtoto huyu angelipata angeshukuru. Zebaki na haidrokwinoni zilishapigwa marufuku kwenye vipodozi. Nimemaliza, msininunie.)

Kwa hiyo ombi langu ni moja tu. Kofia ya pama iwe sare ya shule. Na isiwe kwa mpwa wangu peke yake, bali kwa watoto wote, kuanzia la awali hadi la saba, Oldonyo Sambu nzima, na kata nyingine zikitaka zituige.

Kwa nini wote? Kwa sababu kofia ya mmoja ni alama. Mtoto ambaye tayari anaonekana kutoka mwisho wa uwanja hahitaji kuongezewa kitu kingine cha kutazamwa. Nimeona huku: watoto mia tano wenye kofia za rangi moja, na hujui nani mwenye ngozi ya namna gani mpaka ukaribie. Mtoto mweusi hahitaji kofia hiyo kwa ajili ya saratani, nakiri. Inamfaa kwa joto, kwa vumbi, kwa macho, na kwa kumsindikiza mwenzake. Hilo la mwisho lingetosha hata kama mengine yasingekuwepo.

Mtasema ni gharama. Sweta je? Shule za kwetu zinadai sweta, na hakuna mzazi aliyewahi kuitisha mkutano kupinga, kwa sababu sote tunaijua baridi ya Juni. Tulikubali kwamba hali ya hewa ya Meru ina haki ya kuingia kwenye orodha ya sare. Sasa nauliza, baridi imeingia, jua limekosa nini? Sweta linataka uzi na mashine ya kufumia. Kofia ni kitambaa cha kaki au cha bluu, mara nyingi mabaki ya sketi na kaptula, na fundi yeyote mwenye cherehani pale Ngaramtoni anaishona huku anapiga soga. Ukingo usipungue sentimita 7.5 kuzunguka kote, uwe mgumu kidogo usilegee machoni, na kuwe na kamba ya kidevuni kwa sababu ya upepo wetu. Msiniletee kapelo. Kapelo inafunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, na hapo hasa ndipo vidonda vinapoanzia. Mzee wa Kimasai mwenye pama lake na fimbo yake mnadani amevaa vizuri kuliko vijana wote wa mjini, na hakuna mwalimu atakayethubutu kumvua.

Kuna atakayesimama mkutanoni aseme kofia itawaletea watoto matege kwa kukosa jua. Namfahamu, nampenda, na ninamjibu kabisa leo. Mikono na miguu ya mtoto mweusi inabaki nje, jua la kwetu litaipata hata akijificha. Na matege ya Meru tangu lini yameletwa na kivuli? Upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai kuna watoto waliopinda miguu jua likiwaka mwaka mzima. Chanzo ni floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji ya kunywa, na magadi tunayopikia makande yanaongeza. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna maji ya mlima wetu yanayopita mara kumi ya hapo. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimefundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Daktari wa meno wa huku aliponifungua mdomo aliwaita wenzake waje kutazama hudhurungi ya meno yangu, alama ya floridi hiyo hiyo. Matege tuyatafute kwenye ndoo.

Najua jibu jingine linalokuja, na hili halina takwimu. Mtasema: wewe uliyeondoka, unayemeza vidonge vya jua kwenye nyumba yenye mashine ya joto, ndiye wa kutufundisha kukaa kwenye jua letu? Semeni. Mimi mwenyewe najiambia hivyo nikiwa kwenye treni asubuhi, giza bado limetanda, nikipiga hesabu ni misiba mingapi nimechangia kwa simu na mikutano mingapi ya wazazi sijakaa hata kwenye benchi la nyuma. Dada alinitaka nirudi mtoto alipozaliwa. Nikatuma fedha. Nilipata barua ya kazi mwezi huo, na nikajiambia fedha itasaidia zaidi ya mikono. Pengine ni kweli. Lakini fedha haikuwepo pale mstarini kumwambia mwalimu, "Ndugu yangu, mrudishie mtoto kofia yake."

Basi nisaidieni kusema. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wangu, liweke hili kwenye ajenda kabla ya shule kufungwa, lisiwe kwenye "mengineyo" watu wakiwa wameshasimama. Mtendaji wa kata akisema anasubiri waraka kutoka juu, mkumbusheni kwamba rangi ya sweta haikuchaguliwa na wizara. Mwalimu mkuu apange mstari wa mchana chini ya ukuta wenye kivuli, au aufute kabisa, matangazo yasomwe darasani. Kitambaa cha darasa la kwanza na la pili nitalipia mimi, hapa ninaweka ahadi yangu. Cha madarasa mengine wenzangu wa Arusha tulioko huku, Uingereza na Marekani tutachangishana, na safari hii nitakuwa mkali kuliko kwenye harusi.

Wakati huohuo, leo, kabla ya mkutano wowote, ile kofia iteremshwe juu ya kabati.

Rangi chagueni ninyi. Dada anaanza kuwapima vichwa watoto wa jirani Jumamosi, na fundi anataka namba mapema ili kazi iwe tayari shule zikifunguliwa Januari. Kamati ikikaa nipigieni saa mbili usiku ya kwenu. Huku itakuwa saa tisa usiku, lakini nitapokea.

Wenu,
Mwana wa Oldonyo Sambu