Ndege wa Tshangalele na maji tunayoyachafua

Kwenye ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, anaishi ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi. Ni wa jamii ya mnana, wale wanaosuka viota vya majani na kuvining'iniza juu ya maji. Mpaka leo anajulikana katika bonde la Lufira tu. Ulaya hayuko, Kinshasa hayuko, hata hapa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi, hayuko.

Historia yake inafundisha jambo. Mwaka wa 1960 mtafiti Mbelgiji, Jean-Claude Ruwet, alimkusanya huko, na ndege akapelekwa makumbusho akiwa mfu. Jina la kisayansi, Ploceus ruweti, alipewa mwaka wa 1982. Kisha kimya. Ilikuwa mwaka wa 2009 ndipo watafiti walirudi ziwani wakamkuta hai, anajenga, analea watoto wake. Magazeti ya sayansi yakaandika kwamba amepatikana tena. Wavuvi wa pale, bila shaka, hawakuwahi kumpoteza.

Tunaandika haya kwa sababu kwetu ndege bado ana njia mbili: sufuria au kizimba. Mtoto anamtupia jiwe la manati, na hakuna mkubwa anayemwambia neno. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anafungwa kwenye nyumba za wenye pesa mjini, ingawa kwao si Katanga, ni misitu mikubwa ya kaskazini. Kasuku hukaa wawili wawili na huweza kuishi miaka zaidi ya arobaini. Anayemnunua anacheka akisikia ndege anasema « bonjour », lakini haulizi wangapi walikufa kwenye magunia na masanduku kabla huyo mmoja hajafika. Nchini Ghana, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba kasuku hao walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka huohuo, nchi za mkataba wa CITES zilikutana Johannesburg zikaamua kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Sisi wenyewe tuna Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira. Iko kwenye karatasi.

Kuna wanaosema: watu wana njaa, nyinyi mnaongea ndege. Hoja hiyo ni nzito, na hatutaki kuiruka. Mama anayetafuta mboga ya watoto wake hatumhukumu. Lakini twende naye mpaka Tshangalele. Maji ya ziwa lile yanapokea uchafu wa viwanda vya Likasi kupitia mto Panda na Lufira. Watafiti wa UNILU walipima, wakakuta metali ndani ya maji, ndani ya majani na ndani ya samaki. Samaki hao wanaliwa na watu. Basi anayemtesa mnana ndiye huyohuyo anayeweka sumu kwenye sahani ya mvuvi, na kumtetea mmoja ni kumtetea mwingine.

Kutazama ndege hakuhitaji pesa nyingi. Macho, uvumilivu na kalamu vinatosha kuanza, darubini ikipatikana ni heri. Walimu wa Likasi wangeweza kuwapeleka wanafunzi ziwani wakahesabu viota, lakini pirogi isisogee karibu wakati ndege wanalea, maana hata mtazamaji mwenye nia njema anaweza kumfanya mama aache mayai.

Kwa serikali ya jimbo tunaomba jambo moja lisilo gumu: vipimo vya maji ya Panda na Lufira vitangazwe kila mwaka, jina la kila kiwanda kinachomwaga uchafu likiwemo, na kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Tshangalele anaweza kusoma mwenyewe.