Njooni mpime Mei, si Januari



Huu ni mwaka wa pili natafuta kibali cha kuweka kivuko. Si daraja la magari. Ni nguzo nne, mbao na vyuma vya kushikilia, kwenye kijito kinachotenganisha shamba langu na kituo cha kununulia majani chai. Kwa sasa tunavukia magogo mawili ya mkaratusi. Mvua ikinyesha usiku magogo huzama, na wachumaji hulazimika kuzunguka na magunia mgongoni hadi barabara ya lami, karibu saa nzima. Mkulima yeyote wa Bureti au Konoin anajua saa hiyo inagharimu nini. Majani yaliyoshindiliwa guniani hupata joto na kuanza kuwa mekundu, na karani akiyaona husukuma gunia kando bila hata kulipima.

Sina ugomvi na vibali. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kujenga mtoni, ziwani au kwenye ardhi chepechepe, au kuikausha, bila idhini ya maandishi ya mamlaka ya mazingira, NEMA, baada ya tathmini ya athari za kimazingira. Sheria ya Maji ya 2016 ina kibali chake kwa anayetaka kuzuia au kugeuza mkondo. Serikali ya kaunti nayo ina idhini yake ya ujenzi. Nikaanza safari. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikataka ripoti ya mtaalamu, na mtaalamu akataja ada iliyozidi bei ya mbao na misumari yote. Kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, kijana mpole alishika kalamu akaniuliza, "Mzee, hicho kivuko kiko kwenye ploti namba ngapi?" Nikamwambia mto hauna namba ya ploti. Akaandika "haijulikani", akaniambia nirudi wiki ijayo. Baadaye mwanangu alinisomea ibara ya 62 ya Katiba, inayohesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kumbe nilimjibu vizuri.

Ningevumilia na kunyamaza lau si yanayotendeka upande wa juu, kama mita mia tatu kutoka hapa kwangu. Palikuwa na kinamasi pale. Matete yalimfika mtu mabegani, na hata kiangazi kikikaza, maji yalichuruzika kutoka chini yake, safi, baridi. Januari mwaka jana malori yalianza kumwaga maramu, mengi yakija usiku. Machi msingi ulikuwa umesimama, na maji yote ya kinamasi yamelazimishwa kupita kwenye kalvati moja ambayo mtoto wa darasa la kwanza hapiti bila kuinama. Nilidhani mwenye ujenzi huo hana karatasi. Nilikosea. Bango lilisimamishwa, lina namba za vibali zimepangwa vizuri, tena kwa rangi ya bluu.

Nimejiuliza sana jinsi mtu anavyopata vibali vya kujenga juu ya maji, na jibu nililopata halihitaji hata hongo. Waliopima walikuja Januari.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka nafasi isiyopungua mita 6 na isiyozidi 30 kila upande wa mto, ikipimwa kulingana na kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Zipo kanuni nyingine zinazoanza kupima kwenye ukingo. Mwenye ploti huchagua inayomfaa. Lakini kinamasi hakina ukingo! Kinapanuka na kunywea kama mapafu. Januari ni nyasi tu na udongo uliopasuka, ukitembea na viatu vya ofisini hulowi. Mei maji yanakufika magotini umbali wa kutupa jiwe kutoka pale Januari ulipoona mwisho wake. Afisa akija wakati wa jua, akavuta kamba, akapiga picha na kutia sahihi, ameidhinisha nyumba ndani ya mto ambao haukuwepo siku hiyo.

Mvua za masika zilipokuja, maji yalikataa kalvati. Yalipanda, yakazunguka msingi, yakatulia kwenye mistari minne ya chai ya jirani yangu kwa siku kadhaa. Chai haipendi miguu yake kukaa majini. Majani yake yalianza kuwa ya njano Juni, na kufikia Agosti aling'oa mashina yaliyokuwa na umri mkubwa kuliko watoto wake. Alipokwenda kulalamika aliambiwa mradi umefuata utaratibu wote. Huenda ni kweli. Nairobi pia, majengo yalipobomolewa kando ya mito Agosti 2018, wapo wenye majengo waliosema vibali wanavyo.

Nikiri na langu. Mimi pia nilipanda mikaratusi kando ya kijito, kwa sababu viwanda vya chai vinanunua kuni. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, alipoamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, nilinung'unika wiki nzima kabla ya kukata mstari wa karibu. Magogo ya kivuko ni masalia yake. Kwa hiyo siandiki kama mtakatifu.

Kijito chetu hakina jina kwenye ramani, lakini kinaingia mto Itare, na maji hayo hushuka hadi Sondu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu kabla ya kufika Ziwa Victoria. Wenzetu wa Bomet wana Nyangores, ambayo ikikutana na Amala huwa Mara. Vinamasi vya juu huku ndivyo vinavyoilisha mito hiyo jua likiwaka.

Ninaomba mambo mawili. Kibali chochote kinachogusa ardhi chepechepe kisitolewe kabla ya mtu kufika pale msimu wa mvua, akapiga vigingi mahali maji yalipofika, mbele ya wanaoishi hapo. Na mikutano ya wananchi ambayo kanuni za 2003 ziliitaka kwenye tathmini ya miradi mikubwa ifanyike kijijini, kwa lugha tunayoielewa, sio tangazo dogo kwenye gazeti ambalo huku hufika likiwa limefungia maandazi.

Alama ya maji ya Mei 2024 bado iko kwenye ukuta wa kituo chetu cha majani, mstari wa tope juu kidogo ya goti langu. Wapimaji waje wauone upesi, kamati ya kituo imeshanunua rangi.

Mkulima mdogo wa chai,
Bureti, Kericho