Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Watu wengi wakisikia Marekani ikitajwa pamoja na kandanda hucheka. Wamarekani, husema, wana mpira wao wa kukimbizana nao mikononi, na gozi hili la miguu kwao ni mchezo wa watoto. Lau wasemao hivyo wangefika Hamtramck, katika jimbo la Michigan, siku ya mechi, nadhani wangenyamaza.

Hamtramck ni mji mdogo wa watu wapatao 28,000, uliozungukwa karibu pande zote na mji mkubwa wa Detroit. Zamani ulikuwa mji wa Wapolandi, waliovutwa na kazi katika kiwanda cha magari cha Dodge. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, Wapolandi wengi wakahama, na mitaa yao ikajaa Wayemeni, Wabangladeshi na wengineo. Mwaka 2004, baada ya mabishano makubwa, baraza la mji liliruhusu adhana isikike kwa vipaza sauti. Na mwaka 2022 mji huo ukawa na meya Mwislamu na madiwani wote Waislamu. Hapo ndipo ilipopata makao klabu ya Detroit City.

Klabu hii ilianza kucheza mwaka 2012, ikaasisiwa na wapenzi watano wa mpira wasiokuwa matajiri. Ilianzia daraja la nne, na uwanja wake ulikuwa wa shule ya sekondari. Ikumbukwe hali ya Detroit wakati ule. Mji uliokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 ulikuwa umebakiwa na chini ya nusu yao, na mwaka 2013 ukatangaza kuwa umefilisika. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu waliokuwa wakisimangwa ulimwengu mzima walitafuta kitu cha kujivunia, wakakipata katika jezi za rangi ya damu ya mzee. Wakaja na ngoma na moshi wa rangi, na nyimbo ambazo, kusema kweli, nyingine hazifai kuimbwa mbele ya wazee.

Uwanja wa shule ukawa mdogo. Hamtramck kulikuwa na uwanja wa Keyworth, uliojengwa na serikali wakati wa dhiki kuu ya uchumi ili watu wapate kazi, na Rais Franklin Roosevelt mwenyewe akafika kuuzindua mwaka 1936. Majukwaa yake yalikuwa yamechakaa. Klabu haikumwendea bwana mkubwa yeyote, bali iliwaendea watu wake. Haba na haba hujaza kibaba: mamia ya watu waliweka fedha zao, kwa ahadi ya kurejeshewa kutokana na mapato, zikapatikana dola 741,250. Mei 2016 mechi ya kwanza ikachezwa hapo mbele ya watu 7,410.

Yafaa msomaji ajue kwamba ligi kuu ya Marekani haina kupanda wala kushuka daraja. Hata ukishinda mechi zote za daraja la chini, mlango haufunguki, kwani nafasi hununuliwa, na wakati ule bei ilitajwa kuwa dola milioni 150. Matajiri wawili, Dan Gilbert na Tom Gores, walijaribu kuileta timu ya namna hiyo Detroit, wasifanikiwe. Klabu ya wanyonge ikaendelea na mwendo wake. Mwaka 2020 iliingia katika mpira wa kulipwa na kuwauzia mashabiki sehemu ya hisa zake. Mwaka 2022 ikaingia daraja la pili. Na Aprili mwaka huo huo, katika kombe la taifa, ikaifunga Columbus Crew ya ligi kuu mabao 2 kwa 1, pale pale Keyworth.

Sasa klabu inakusudia kuhamia uwanja mpya katika mtaa wa Corktown, mjini Detroit, uliopangwa kufunguliwa mwaka 2027. Silaumu. Uwanja wa Keyworth ni mali ya shule za mji, na mpangaji hawezi kujenga atakavyo katika nyumba ya mwenziwe. Klabu inayotaka kuishi haina budi kuwa na pake.

Lakini deni liko la namna mbili. Lipo lihesabiwalo kwa dola, nalo hulipika. Lipo na la fadhila, ambalo halina risiti. Hamtramck iliipokea timu hii ilipokuwa haina mbele wala nyuma, na watu wake wakaacha magari ya wageni yazibe vichochoro vyao. Kwa maoni yangu, lipo jambo la wajibu hapa: Keyworth isiachwe ikaota majani. Timu za vijana zichezeshwe huko, watoto wa Kiyemeni na Kibangladeshi wapate kucheza mahali walipokuwa wakichungulia uani. Na huko Corktown, bei ya tikiti isiwe ukuta wa kumzuia yule aliyeyatengeneza majukwaa kwa fedha yake.

Jumba jipya litapendeza, hilo sina shaka nalo. Lakini msala upitao hupita, na mbacha ndio uliokuwa ukilaliwa siku za dhiki.