Muhuri Mkubwa na Mihuri Midogo

Mradi mkubwa wa Taifa unapopata kibali, watu wengi hudhani kwamba maneno yamekwisha. Jiwe la msingi limewekwa, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kimetolewa, na mitambo ya mkandarasi imeanza kushushwa. Tangu siku hiyo mwananchi anayeuliza swali huambiwa kwamba amechelewa, kwa kuwa mambo yalikwishaamuliwa juu. Sisi tunasema kwamba hajachelewa. Mengi yanayogusa maisha ya kila siku ya kijiji huamuliwa baada ya kibali kikuu, katika vibali vidogo vidogo visivyotangazwa redioni wala magazetini.

Tuchukue mfano wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo katika nchi yetu, kupitia mikoa 8 kuanzia Kagera. Serikali mbili zilitia sahihi mkataba wake mwaka 2017. Mkataba wa namna hiyo hauwezi kusema malori yapite barabara ipi ya kata ipi, wala maji machafu ya kambi ya wafanyakazi yamwagwe wapi, wala kifusi kirundikwe katika shamba la nani, wala njia ya watoto kwenda shule ihamishiwe wapi wakati mtaro ukiwa wazi. Hilo si kosa la mkataba. Mambo hayo ni ya mahali, na kwa haki yapaswa kuamuliwa na mamlaka iliyo karibu na mahali. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu waraka wa Papa Pio wa XI wa mwaka 1931, yanaiita kanuni hii auni: kile ambacho chombo cha chini kinaweza kukitenda, chombo cha juu kisikinyang'anye.

Lakini ni chombo gani cha chini? Hapa ndipo mwananchi anapoanza kuzungushwa. Kibali cha kujenga kambi na majengo kinahusu halmashauri. Mchanga na kokoto ni madini ya ujenzi, na leseni yake hutoka Tume ya Madini. Maji ya mto yanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Barabara za wilaya, ambazo wazee wetu wanazijua kuwa ni za halmashauri, tangu mwaka 2017 zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Uthamini wa mali kwa ajili ya fidia huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Mama ambaye kisima chake kimeingia tope anakwenda kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji anamtuma kwa afisa mazingira wa halmashauri, na afisa huyo anamwambia kwa uungwana kabisa kwamba suala hilo si lake. Kila ofisi inasema kweli, na tope linabaki kisimani.

Hatusemi kwamba halmashauri haina uwezo wo wote. Baraza la Madiwani hukutana walau kila miezi mitatu, na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka maafisa mazingira katika halmashauri, na kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji, mtaa na kitongoji. Mahali pengi, tujuavyo sisi, kamati hizo zina wajumbe kwenye karatasi na hazina hata daftari la kumbukumbu. Halmashauri yenye mhandisi mmoja au wawili inaletewa michoro ya mamia ya kurasa, nayo inatakiwa kujibu upesi kwa sababu kila siku ya kuchelewa inahesabiwa kuwa hasara kwa Taifa. Afisa anayeuliza maswali anaogopa kuitwa mpinga maendeleo. Basi anapiga muhuri.

Lipo pia jambo ambalo halisemwi sana. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma unaohesabiwa kutokana na mapato ya kampuni zinazofanya kazi katika eneo lake. Mkandarasi mkubwa anapofika, sanduku la halmashauri hunona kuliko lilivyowahi kunona kwa ushuru wa mazao wa miaka mingi. Fedha hizo ni halali, na zahanati zinazihitaji. Lakini ofisi inayongoja ushuru kutoka kwa mtu ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kumkatalia mtu huyo kumwaga uchafu bondeni. Hatumtuhumu ye yote. Tunasema tu kwamba ofisi iliyo katika hali hiyo inahitaji macho ya watu wengine.

Wenzetu wa Lamu, nchini Kenya, walilijua jambo hili kwa uchungu. Bandari mpya ya huko ilizinduliwa mwezi Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76, kwa wavuvi wapatao 4,600. Katika hukumu ile mahakama ilieleza pia kwamba serikali ya kaunti haikushirikishwa ipasavyo katika mipango, ingawa kupanga matumizi ya ardhi ni kazi ambayo Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti. Gati la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Bahari iliyochimbwa hairudi kuwa ile ile, hata hukumu ikiwa nzuri namna gani.

Tena mtu asidhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini peke yake. Uingereza, Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kujenga reli ya mwendo kasi kutoka London hadi Birmingham. Sheria hiyo yenyewe ndiyo iliyokuwa kibali cha ujenzi. Halmashauri za njiani ziliachiwa kuidhinisha mambo ya utekelezaji, kama vile sura ya madaraja na njia za malori makubwa, tena kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria. Halmashauri ya Hillingdon, magharibi ya London, iliombwa kuidhinisha kazi fulani bila kupewa taarifa za kutosha, hasa juu ya mabaki ya kale yaliyo ardhini. Ikakataa. Waziri akaipindua. Halmashauri ikaenda mahakamani, na mwezi Julai 2020 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba halmashauri haiwezi kulazimishwa kuamua jambo ambalo haikupewa taarifa za kuliamua. Tunaomba kila diwani ayaandike maneno hayo katika daftari lake. Kibali cha juu hakimgeuzi wa chini kuwa karani wa kupiga mihuri.

Ni kweli kwamba upande wa pili nao una hoja. Mwenyekiti wa kampuni ya reli hiyo alilalamika mwaka 2024 kwamba walihitaji vibali 8,276 kutoka ofisi za umma, na kwamba kinga ya popo katika msitu mmoja iligharimu zaidi ya pauni milioni 100. Vibali visivyo na mwisho huweza kuwa mateso, na mahali penye rushwa kila muhuri hugeuka kuwa mlango wa kudaiwa chai. Sisi hatutetei wingi wa mihuri. Vibali vitano vinavyosomwa na kukaguliwa ni bora kuliko hamsini vinavyopigwa gizani.

Kwa hiyo, ndugu viongozi wa walei, kazi yenu haikuisha siku ya uzinduzi. Sheria ile ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Cheti cha mazingira huja na masharti. Andikeni barua, kwa heshima na kwa nakala mbili, mkiomba masharti hayo yaliyo ya eneo lenu, kisha yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao nao kwa kawaida unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Ikiwa mkandarasi anataka ardhi zaidi ya ile iliyothaminiwa, kumbukeni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu kukubali, na inapozidi hapo maoni ya kijiji ni lazima yamfikie Waziri kabla hajaamua. Makubaliano ya mdomo kati ya mwenyekiti na meneja wa kambi si kibali.

Makaburi tunayataja peke yake, kwa sababu ndiyo yanayotuletea machozi mengi. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na haijafutwa na mradi wo wote. Familia ina haki ya kujulishwa mapema, na marehemu ana haki ya kuzikwa tena kwa heshima ya dini yake. Katekista aorodheshe makaburi ya kigango chake sasa, pamoja na majina na mahali yalipo, kabla tingatinga halijafika, kwani kaburi lisilo na msalaba wala sementi huhesabiwa kuwa kichaka. Orodha hiyo ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa diwani, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ibaki parokiani.