Bei ya motokari: tuulize ile ya kufika Kakanda

Mwenye kutafuta motokari mu Kakanda anaweza kusikia bei tatu kwa siku moja. Ndugu wa Kasumbalesa anamwambia dola 4,500. Muuzishaji wa Lubumbashi anasema 6,500. Mu Likasi wanaomba 7,000. Motokari ni aina moja, mwaka moja, hata rangi moja. Basi mutu anakasirika: "Ba Likasi njo bezi!" Anaweka feza yote mu mufuko, anakimbia ku mupaka. Sisi tunasema hivi: ni kweli bei zinaachana, na ziko na sababu. Lakini bei ndogo ya mudomo haiko kila mara bei ndogo ya mufuko.

Tuanze na njia. Motokari mingi za kwetu ni za okazioni, zinatoka Japani. Zinashuka mu bandari ya Dar es Salaam, ao Durban kule Afrika ya Kusini. Toka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 2,000: Tunduma, kisha Zambia, kisha Kasumbalesa. Bei unayoona mu simu ni ya motokari ikiwa Japani, ao ikishuka bandarini. Dereva, mafuta na karatasi za kupita mu inchi za watu, vyote vile haviko ndani.

Ku Kasumbalesa njo hesabu kubwa inaanza. DGDA inaomba forodha. OCC inaomba malipo ya kuchunguza. Kuna TVA, ile ya 16 kwa mia tuliyo nayo tangu mwaka 2012. Kuna deklaran, naye anakula kwa kazi yake. Kisha plaki, karti roze na asiransi. Muuzishaji wa mupaka akisema 4,500, mara mingi anataja paka chuma na mapira. Ule wa Lubumbashi mwenye kusema 6,500, pengine amekwisha kulipa yote.

Tufanye hesabu ya mufano. 4,500 ya kununua. Tuseme 1,700 ya forodha, TVA na OCC. Deklaran 200. Dereva, mafuta na peaje mpaka huku, 150. Plaki na karatasi, 300. Jumla: 6,850. Ile ya Lubumbashi, na karatasi zote, pamoja na 100 ya kuifikisha Kakanda, ni 6,600. Ule aliyekimbia bei ndogo amepoteza 250, na siku zake za konje zimeishia ku mupaka. Hata Likasi na 7,000 yake, tusiitukane mbio. Kama muuzishaji unajua nyumba yake, na anakuandikia garanti ya mwezi moja, ile nayo iko na bei yake.

Kuna tena maneno ya volan. Japani, Tanzania na Zambia wanatembea ku mukono wa kushoto, na motokari zao ziko na volan ya kuume. Sisi mu Kongo tunatembea ku mukono wa kuume. Kwa hiyo aina moja, ikiwa na volan ya kushoto, inakuwa bei kali zaidi, kwani inatafutwa Ulaya ao Dubai. Serkali ilikwisha kutangaza kama volan ya kuume isiingie tena mu inchi. Lakini mu barabara zetu zingali mingi. Mwenye kununua ajue: siku sheria itakazwa kweli, kuuzisha tena motokari ile itakuwa taabu. Kuipeleka Kinshasa pia ni taabu, kule njia yao ni Matadi, na wamezoea volan ya kushoto.

Na motokari mupya? Watu wanaona pickup za kampuni za madini zinapita, wanasikia bei ambayo kampuni ililipa, wanafikiri nao wataipata. Hapana. Sheria ya madini ya mwaka 2002, ile iliyogeuzwa mwaka 2018, inaruhusu kampuni kuingiza vyombo vya kazi kwa forodha ndogo. Mufanyakazi hana ruhusa ile. Tena kampuni ikiuzisha pickup yake ya zamani kwa bei ya kufurahisha, uulize kwanza kama forodha yote ililipwa. Bila vile, deni la kampuni linaweza kukufuata mpaka ku mulango.

Kwa nini tunasema sana maneno haya ku wachimbaji? Juu mu nyumba za kazi, motokari haiko starehe. Mara mingi njo feza ya mwisho. Wazee wanakumbuka mwaka 2003, wakati Gécamines iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ile "départ volontaire". Baba aliyekaa myezi na myezi bila mushahara akapokea feza moja kubwa, mara moja paka. Kuko waliokimbilia kununua motokari ya taksi. Motokari ikilala ku garaji, ao ikikamatwa juu ya karatasi, miaka yote ya kazi inalala nayo. Hata leo, mwenye kumaliza kontra ana feza ile moja tu, na wauzishaji wanajua.

Ku wauzishaji wa Lubumbashi na Likasi tunaomba neno moja: andikeni bei ku kioo cha motokari, na muandike ndani kuko nini: forodha, plaki, karatasi, garanti. Bei ni huru mu inchi yetu, hatukatai. Lakini uhuru wa bei hauseme kama bei ifichwe mpaka muuzishaji aangalie viatu vya munuuzi.

Ku badelege ba sendika tunaomba lingine. Kila mwezi, mutume mutu moja aulize bei Kasumbalesa, Lubumbashi na Likasi, kwa aina tatu ao ine zenye watu wanapenda. Muzibandike pale watu wanapopokea mushahara. Kazi ile haiombe feza mingi.

Na wewe, baba ao mama mwenye feza mu mukono, usiulize tena: "Yaya, motokari hii iko bei gani?" Uliza: "Ikifika ku lupango yangu mu Kakanda, na karatasi zote mu jina yangu, itakuwa bei gani?" Akikataa kukuandikia jibu, rudisha feza mu mufuko.