Chumba cha elfu mbili kina sheria yake

Na Moraa Ongeri

Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mtajie wakili wa Nairobi, atacheka. Lakini njoo Birongo, hapa Kisii, nyuma ya maduka, kwenye ploti ya mabati yenye choo cha pamoja na maji ya kuchota. Hapo kiwango hicho hakimchekeshi mtu.

Tatizo la mpangaji wetu halianzii kwenye kodi. Linaanzia siku ya kuingia. Chumba ni 2,000, deposti ni 2,000 nyingine, kisha kuna ya stima. Mchuma chai, kijana wa boda boda na mama anayeuza ndizi wote hupata hela kwa siku, na nyingine huishia kwenye unga jioni ileile. Watoe wapi zaidi ya 4,000 kwa mkupuo? Na mama akishazipata, huulizwa ana watoto wangapi. Akisema wanne, chumba kimeshachukuliwa.

Simlaumu mwenye ploti kwa kila jambo. Ardhi ya Kisii imegawanywa kwa wana na wajukuu hadi ikawa vipande vyembamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hii. Aliyerithi kipande kando ya barabara hupanda vyumba badala ya mahindi. Vyumba kumi vya 2,000 vikijaa mwaka mzima humpa 240,000, hata hazifiki 288,000 ambapo ushuru wa mapato ya kodi huanza. Huyo si tajiri. Hata hivyo, sheria haimpi ruhusa ya kupiga kufuli mlango wa mtu wala kung'oa mabati.

Serikali nayo inajenga. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Sheria hiyo inamtaja hata anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi. Vizuri, ila maghorofa hayamsaidii anayetafuta pa kulala mwezi huu.

Kuna mambo mawili yasiyohitaji saruji. Wenye ploti wakubali deposti ilipwe kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Nao wawakilishi wadi waidai Mahakama ya Kodi za Nyumba, iliyo chini ya Sura ya 296, ije kusikiliza kesi karibu na watu, Keumbu au hapa kwetu, tena siku ya soko.

Nawe mpangaji wa 2,500 kushuka chini, mwenye ploti akija na kufuli, mwombe kwa heshima akuonyeshe amri ya Mahakama hiyo. Kama hana, usitoke.